Mpaka Baba Mtu Aseme

4 Februari

Wifi,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima na viwanja vyako vinapimika. Sisi huku hatujambo, ukiacha lile unalolijua. Mwanao Kidoti ni mzima, ameota meno mapya ya mbele na anayaringia kama kayanunua dukani.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu umenifungia. Nilijaribu kwa namba ya muuguzi, nayo ukaifunga mara tu uliposikia sauti yangu. Haya. Basi soma mpaka chini ndiyo uchane.

Kaka anakuulizia. Kila chai inapoletwa mezani anauliza kikombe chako kiko wapi. Ile homa ya mwaka jana iliyompanda kichwani ilikula sehemu mbili ndogo za ubongo, moja kila upande, ndani kabisa usawa wa masikio. Hapo ndipo jambo jipya linapopokelewa kabla ya kuwekwa akiba. Sasa hapapokei. Ukimwambia kitu, mkahamia kwenye mazungumzo mengine, kile cha kwanza kimeshapotea. Na ya nyuma yamekatika pia, miaka minne hivi. Kwake wewe ni mke wake, umekwenda porini kupima ardhi na utarudi mwisho wa wiki. Talaka aliyoiandika kwa mkono wake haijui. Kikao cha ukoo hakijui. Kidoti wake bado ana miaka mitatu, si saba.

Niliwahi kumwambia ukweli. Alilia mpaka muuguzi akatoka chumbani. Jioni akaniuliza tena mke wangu yuko wapi, uso mkavu, hana habari kwamba alilia. Sikuweza kumfanyia hivyo kila siku. Namwambia uko kazini.

Nakuomba uje, siku moja tu, pale maabara kwangu. Unajua kazi yangu ni kuchunguza kumbukumbu. Nataka kujua kama mwili wake unajua yaliyotokea kati yenu hata kama yeye mwenyewe hajui. Tunamfunga vidude vidogo vidoleni, vinapima jasho. Hakuna sindano wala maumivu. Wewe unaingia, unakaa naye, mnazungumza, basi.

Sikupendi, na sitajifanya. Lakini hakuna mtu mwingine anayeweza kufanya hili.

Wako,
Dada mtu


19 Februari

Profesa,

Salamu zako zimefika. Mimi ni mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kubeba vyombo vya kupimia kupanda vilima. Nimefurahi kusikia Kidoti ameota meno. Ningependa kuyaona kabla hajafika umri wa kuyang'oa.

Barua nimeisoma mpaka chini kama ulivyoagiza. Nikaisoma tena nikitafuta mahali ulipoandika neno samahani, labda wino ulikuwa hafifu.

Nikukumbushe, maana kumbukumbu ndiyo fani yako. Ulisimama kwenye kile kikao, mbele ya Baba Mkubwa na ukoo mzima, ukasema mwanamke anayelala porini kwenye mahema na wanaume hafai kulea mtoto wa kike. Kwenye lile hema tulikuwa mimi, mama mpishi anayekoroma, na mbu. Wewe wakati huo ulikuwa unalala maabara na wanafunzi wako, na hakuna aliyekuitishia kikao. Kaka yako alikuwa anakutazama wewe usoni kama mtoto anayesubiri kuambiwa la kujibu. Kisha mkanichukulia mwanangu. Mwaka wa pili huu. Nikija naambiwa mtoto amelala, mtoto yuko masomo ya ziada, mtoto ana homa.

Sasa unanihitaji. Na hujaomba hata nije kumliwaza mgonjwa. Umeomba jasho.

Nampa pole kaka yako, na ninampa kwa moyo. Niliposikia habari ya ile homa nilikaa chini kwenye vumbi mbele ya vijana wangu wa kazi. Nilimpenda yule mtu. Lakini niulize: ni nani aliyekubali kwamba apimwe? Yeye hakumbuki hata amekula. Au umemgeuza panya wako wa maabara kwa kuwa ni wa nyumbani, hana wa kumsemea?

Nipe mwanangu, kisha tuzungumze habari ya vidole vya mtu.

Aliyekuwa wifi yako


1 Machi

Wifi,

Hujambo? Mimi nina mafua, si kwamba umeuliza. Kidoti alishika nafasi ya tatu darasani na amenituma nikuambie.

Panya umenitukana mimi, si yeye. Kwa hiyo nitakujibu, na ukae kitako usikilize.

Kila asubuhi, kabla sijamgusa, muuguzi anamsomea maelezo. Leo tutafanya hivi na hivi, ni utafiti, una haki ya kukataa, unakubali? Kamera iko ukutani, inarekodi. Anauliza maswali yake, na maswali yenyewe ni ya maana kuliko ya wanafunzi wangu. Siku nyingine anakataa, anasema kichwa kizito, na siku hiyo tunafunga mlango tunarudi nyumbani. Niliiandikia kamati ya maadili ya chuo kwa jina langu na sahihi yangu: akili yake ya kuamua ni nzima, kilichoharibika ni ghala tu. Anapima jambo, anajua faida na hasara, anasema ndiyo au hapana kama mimi na wewe. Kamati ikamhoji yenyewe, ikaridhika. Kwa hiyo usinifundishe ridhaa.

Na anajifunza, wifi. Tunamwekea kioo, anachora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Mara ya kwanza mistari ilikwenda ovyo. Sasa anaichora safi, na kila siku anaapa kwamba hajawahi kuiona kazi hiyo maishani. Anasema, "Aa, kumbe ni rahisi." Watu wamesafiri kutoka mbali kuja kumwona kaka yangu akisema hivyo.

Habari ya Kidoti iache. Kikao kilisema mtoto abaki upande wa baba mpaka baba mtu aseme mwenyewe vinginevyo. Ulikuwepo, ulisikia, ulikubali. Sasa baba mtu ni mgonjwa, hawezi kuamua jambo kubwa kama hilo. Basi limekwisha. Sitajadili mtoto kwa bei ya ziara moja.

Dada mtu


6 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Pole sana na mafua. Kunywa maji ya moto, ulale mapema. Mwambie Kidoti mama yake ameruka juu kwa hiyo nafasi ya tatu.

Nimefikiri, nimeona nilikuwa mkali bure. Nitakuja. Yule ni mgonjwa, na mgonjwa akiuliza anastahili kujibiwa.

Nina mawili tu ya kuomba. Siku hiyo kila kitu kifanyike kwa kanuni zako kama kawaida: muuguzi asome, kamera iwe inarekodi, aulizwe kama anakubali nami nikiwa chumbani. Sitaki kesho isemwe nilimvamia. Na Baba Mkubwa awepo, akae tu kwenye kona. Mara ya mwisho nilipokaa chumba kimoja nawe bila shahidi wa upande wangu ilinigharimu sana.

Wifi yako


11 Machi

Wifi,

Nashukuru. Sikutegemea. Mafua yamepoa, na Baba Mkubwa amekubali kuja, ingawa analalamika ngazi ni nyingi.

Njoo tarehe ishirini na mbili, asubuhi. Vaa kawaida, kama ulivyokuwa ukivaa ukirudi kutoka kazini. Usitaje talaka. Usitaje kikao. Usilie, tafadhali, maana akiona machozi moyo wake unakwenda mbio na vipimo vyote vinaharibika. Akikuuliza ulikuwa wapi, sema porini, si uongo.

Kidoti atakuwa shuleni. Usiombe aletwe. Akimwona msichana mkubwa vile hamtambui, anashinda akimtafuta yule mdogo kila chumba. Hatutaki hayo siku hiyo.

Nimeandaa chai. Kikombe chako bado kipo.

Dada mtu


23 Machi

Leo sikuulizi hali.

Tangu jana sijala. Nimeurudia ule mkanda mara nyingi kuliko ninavyopaswa, nikitafuta mahali nilipozubaa. Ulipoingia alisimama na nyaya zake vidoleni, akasema, "Umechelewa, chai imepoa." Ukacheka. Mimi mpumbavu nikaona mambo yanakwenda vizuri. Muuguzi akasoma tena, akauliza tena mbele yako kama ulivyotaka, kaka akakubali. Nilikuwa nimegeuka kuangalia mashine. Hapo ndipo ukamwuliza, kwa ile sauti yako ya sukari: "Baba Kidoti, mtoto yuko kwa dada siku nyingi sasa. Unakubali nimchukue nikae naye?"

Akacheka mpaka kidude kimoja kikachomoka. "Unaniuliza mimi? Mtoto akae na nani kama si mama yake? Mchukue leo leo, dada ana kazi zake."

Na Baba Mkubwa, ambaye nilidhani amesinzia, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Basi. Baba mtu amesema."

Umemtega mgonjwa. Umemtega kaka yangu, mtu asiyejua ni mwaka gani. Alijibu habari ya ndoa ambayo haipo na mtoto ambaye hayupo. Angejua kwamba alikupa talaka, angesema hivyo? Angejua kwamba Kidoti ana miaka saba na mimi ndiye ninayemsuka nywele, mimi ndiye niliyekesha naye alipougua surua, angesema dada ana kazi zake?

Halafu ukambusu kwenye paji la uso ukaondoka. Mlango haujafunga vizuri akaniuliza, "Mke wangu harudi leo?"

Ukitaka kujua, jasho lake lilipanda ulipoingia mlangoni, kabla hujafungua mdomo. Mwili wake unajua wewe ni nani. Laiti na mimi ningejua.

Mtoto hatoki hapa.

Shangazi yake Kidoti, na usilisahau hilo


30 Machi

Profesa,

Mimi nakuuliza hali, maana nilifunzwa adabu. Hujambo? Umeanza kula?

Jasho lake lilipanda, ndiyo. Ungenifunga na mimi vile vidude ungepata karatasi za kupamba ukuta mzima. Ulidhani nimekuja pale nimejikausha? Alinishika bega vile vile alivyokuwa akinishika zamani kabla hujaanza kumjaza maneno, na mimi nilijua kabisa huyu hajui alichonifanyia na hatakijua kamwe. Sitaombwa radhi mpaka naingia kaburini. Hilo nalo limo kwenye mashine yako?

Unasema nimemtega. Nimemwuliza swali, mchana kweupe, mbele ya kamera yako na muuguzi wako, dakika ile ile uliyosema wewe kwamba akili yake ya kuamua ni nzima. Maneno ni yako na sahihi ni yako. Unasema hakujua mambo yalivyo. Sawa, nimekubali, hoja ni nzuri. Sasa nikuambie alichoninong'oneza wakati muuguzi anamfungua nyaya. Alisema, "Ningoje kidogo, nimemsindikiza dada kazini kwake, namsaidia kitu cha leo tu." Cha leo tu! Anapokupa ile ndiyo yake kila asubuhi, hicho ndicho anachokubali. Hajui kwamba mgonjwa ni yeye. Hajui kwamba watu wanapanda ndege kuja kumtazama. Anadhani anamsaidia dada yake kwa siku moja.

Kwa hiyo chagua. Kama neno lake lina uzito, Kidoti ni wangu, na Baba Mkubwa amesikia. Kama halina uzito kwa kuwa hajui, basi na ndiyo zake zote ulizokusanya hazina uzito, na mimi nitakwenda kuiuliza kamati yako kwa heshima zote. Huwezi kumfanya mzima mchana ukiwa na mashine, halafu mgonjwa nikimtaka mwanangu.

Sina haraka. Mvua imeanza huku, hatupimi kitu.

Mama Kidoti


20 Aprili

Mama Kidoti,

Salamu. Barua yako niliiweka mfukoni mwa koti la maabara, ikafuliwa pamoja na koti. Lakini niliisoma kabla.

Usidhani nimeogopa kamati. Baba Mkubwa alikuja nyumbani, akakaa sebuleni bila kuvua kofia, akasema hatakubali ukoo useme jambo kwenye kikao halafu ulikane. Sijibishani na Baba Mkubwa.

Mtoto atafika Jumamosi na dereva wetu. Hali kiini cha yai, anakificha chini ya ukingo wa sahani, kwa hiyo angalia sahani. Halali bila taa. Akikohoa usiku si kitu, akikohoa asubuhi mpeleke kwa daktari. Viatu vya shule vinambana lakini hasemi kwa sababu anavipenda. Nimeandika haya kwa sababu wewe huyajui, na hutanilaumu mimi peke yangu kwa hilo, ingawa utajaribu.

Nilimpenda. Ulinipa nafasi ya kuwa na mtoto nyumbani, hata kama ulipokonywa, na mimi nikaichukua kwa mikono miwili. Sasa umeichukua na wewe. Tumefanana kuliko unavyopenda kusikia, na sidhani kama tutasameheana.

Kaka anaendelea kuchora. Usije tena kumwona, na simu yangu sasa nimekufungia mimi.

Dada mtu


6 Mei

Wifi,

Mimi sijambo. Kidoti hajambo. Kuhusu wewe siulizi, nikiuliza nitakuwa naigiza.

Nilikusudia nisikuandikie tena. Sanduku lilifika, nguo zimekunjwa vizuri, daftari zina majalada, hata dawa ya kikohozi uliweka. Nilikaa kitandani nikiangalia vile vitu nikasema, haya, labda nimemwonea huyu mwanamke. Siku ya kwanza nilitembea na wazo hilo.

Asubuhi ya pili niko jikoni. Nikasikia hodi. Natazama, ni Kidoti, amesimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, mikono nyuma. Akasema, "Shikamoo. Mimi ni mtoto wa jirani, nimekuja kusalimia."

Nilidhani mchezo. Nikacheka, nikamwambia karibu jirani, leta sukari. Yeye hakucheka. Alisubiri niseme aingie.

Nikazima jiko. Nikamwuliza nani alikufundisha hivyo. Akasema shangazi. Kwa baba ilikuwa lazima aseme hivyo kila asubuhi, maana akisema mimi ni Kidoti baba anakataa na kulia, akisema ni mtoto wa jirani baba anampa kiti na kumwuliza habari za shule. Anasema baba ni mtu mzuri sana kwa watoto wa jirani. Anasema siku moja baba alimwambia, "Na mimi nina wangu mdogo, ngoja aamke umwone," na akangoja naye.

Kurasa ngapi umeniandikia, Profesa? Nyota umenieleza, kioo umenieleza, kiini cha yai umenieleza. Hili hukuniambia. Uliona ni jambo dogo, au ulijua si dogo?

Nimemwambia hapa haihitajiki. Nimemwambia mimi namjua, na nitamjua kesho na keshokutwa. Aliitikia vizuri tu, ana adabu, umemlea na adabu. Lakini haamini. Jana nilikuwa nafua uani, akaja akasimama karibu na beseni.

"Mama, mimi nani?"

Nikamwambia.

Akaenda kucheza. Sijamaliza kusuuza shuka moja, akarudi kuuliza tena.

Mama yake